Mbona Mmenifungia?

Mgeni huyo hakualikwa, wala hakubisha hodi kama wageni wanavyobisha. Alilipiga lango la chuma kwa kiganja, mara tatu, likalia hadi vyombo vya shaba vilivyokuwa chumba cha sala vikaitika.

Bhavna alikuwa amepiga magoti humo, akiongeza samli kwenye taa. Ilikuwa Jumapili, siku ya kwanza ya Navaratri, zile siku tisa ambazo Wahindu humkaribisha Mataji nyumbani, Mama aliye Mungu. Taa ilikuwa imewashwa asubuhi hiyo ndani ya kijungu cha udongo chenye matundu. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na picha ya Mataji mwenyewe juu ya chui milia, mikono yake minane imeshika silaha. Kando yake kulikuwa na chombo cha maji chenye nazi juu, na sinia ya udongo uliopandwa mbegu za ngano. Ngano ingeota. Taa ingewaka siku zote tisa pasipo kuzimika. Na kwa siku hizo tisa nyumba isiachwe bila mtu, wala isifungwe kwa kufuli, kwa sababu humfungii mgeni uliyemwita mwenyewe. Ndivyo alivyoagiza Ba, bibi yake, na Bhavna alikuwa ameapa mbele yake kuwa mlinzi wa taa.

Lakini lango lilikuwa na kufuli. Baba yake, Jayantibhai, alilifunga kabla ya kwenda hekaluni mjini. Alimpa Bhavna ufunguo, akamnong'oneza ili Ba asisikie, "Yule fundi wako asikanyage hapa. Akikanyaga, Dasara, siku ya kumi, ikiisha tu utapanda ndege kwenda Leicester kwa baba yako mdogo. Tiketi ninayo."

Kwa hiyo lango lilipolia, Bhavna aliushika ule ufunguo.

Odur, askari wa lango, alikuja mbio hadi dirishani. "Madamu, kuna mama mmoja. Nimemwambia arudi jioni. Amenitukana Kiswahili chote cha Kongo, na bado kimembakia kingine."

"Anamtaka nani?"

"Anasema anamtaka msichana aliyemla mtoto wake akili."

Bhavna hakuhitaji kuuliza zaidi. Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye akili yake alituhumiwa kuila. Hippolyte alikuja miezi minane iliyopita kutengeneza cherehani ya Ba. Aliifungua, akaipuliza vumbi, akamtazama Bhavna juu ya gurudumu na kusema, "Hii haiumwi, dada. Imekosa mtu wa kuizungusha tu." Bhavna alicheka. Tangu siku ile cherehani iliharibika kila wiki mbili, na kila ilipoharibika Bhavna ndiye aliyekuwa ameiharibu.

Sauti ikapanda kutoka langoni, nene, ya mwanamke aliyezoea kuita wateja sokoni.

"Fungueni! Ni Mama! Nimekuja! Mbona mmenifungia?"

Nyuma ya Bhavna kitu kikaanguka, tapa tapa tapa. Ulikuwa mkufu wa shanga za sala. Ba alikuwa amesimama kutoka kwenye kiti chake, mikono imenyooka mbele, macho yake meupe kwa mtoto wa jicho yamekodolea mlango asiouona.

"Amekuja," alisema kwa Kigujarati. "Miaka ishirini na saba. Nilijua ipo siku atakuja kuuliza."

"Nani, Ba?"

"Humsikii? Anauliza mbona tumemfungia."

Kisa hicho alikijua tangu utotoni, ingawa Ba alikisimulia mara moja tu. Mwaka wa sabini na mbili, Wahindi walipofukuzwa nchini, siku ya tano ya Navaratri, gari lilikuja kuwachukua kwenda uwanja wa ndege. Taa ilikuwa inawaka. Kuizima ni kosa, kuibeba haiwezekani. Ba aliijaza samli hadi ukingoni, akatoka kinyumenyume, akafunga mlango kwa ufunguo, Mataji yumo ndani. Waliporudi Kampala mwaka wa tisini na tatu wakarudishiwa nyumba yao hii, chumba kilikuwa na magunia ya saruji na alama nyeusi ya moshi ukutani. Kila Navaratri tangu hapo Ba hulala akiwa amekaa, kama mtu anayengoja kuitwa mahakamani.

"Fungua, mtoto," Ba alisema. "Fungua kabla hajakasirika zaidi."

Bhavna alitembea hadi langoni na ufunguo mkononi. Kufuli likafunguka. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu, kitenge chekundu kutoka kifundoni mpaka begani, kichwani amefunga kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa. Ulikuwa uso wa Hippolyte, ila uliokula chumvi nyingi na kusamehe kidogo.

Bhavna alipiga magoti kama alivyowaona wasichana wa Kampala wakifanya. "Karibu, mama."

"Usinipigie magoti, miye si Muganda. Simama nikuone." Alimtazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye Bavina?"

"Ndiyo, mama."

"Miye ni Marie-Jeanne. Mutoto wangu jana amefungua mashine ya mutu, akaifunga, skrubu tano zikabakia mezani. Tano! Mutoto anayefungua mashine tangu ana miaka kumi! Namuuliza una nini, ananiambia, mama, nataka kuoa Muhindi." Alipiga makofi mara moja. "Nimetoka ibadani moja kwa moja. Wazazi wako wako wapi? Nataka tuonane macho kwa macho, waniambie wamemupa nini."

"Mama, tafadhali, leo si siku..."

Lakini Marie-Jeanne alikuwa ameshampita. Alivuka uwanja, akavuka baraza, akaufungua mlango wa mbele kwa nguvu, na upepo ukaingia pamoja naye. Mle ndani taa ikainama. Mwali ulilala, ukawa buluu, ukawa uzi. Bhavna, aliyemfuata mbio, alimpita, akakirukia kijungu na kukizungushia viganja. Mwali ukasita. Kisha ukasimama tena.

Alipoinua macho, Marie-Jeanne alikuwa ameganda kizingitini. Alikuwa anahesabu ile mikono ukutani.

"Yesu wangu," alinong'ona.

Hakupata nafasi ya kurudi nyuma. Ba alikuwa amejitupa chini, akitambaa juu ya sakafu baridi, akipapasa mpaka akaipata miguu yake. Akaikumbatia.

"Mama, samehe mimi," alisema kwa Kiswahili chake cha dukani. "Mimi ilifunga wewe ndani. Taa ilikuwa nawaka. Mimi ilifunga mlango, ikaenda. Samehe."

"Huyu mama anasema nini? Ananijua?" Marie-Jeanne alikuwa ameshika ukuta. Hasira yote ilikuwa imemtoka, na hofu imekalia kiti chake.

Bhavna alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Haoni, mama. Amesikia ukiita Mama. Anadhani wewe ni yule." Akaonyesha picha kwa kidevu.

"Miye? Na mikono nane?" Jasho lilimtoka Marie-Jeanne chini ya kitambaa. "Mwambie! Mwambie sasa hivi miye ni Marie-Jeanne wa vitenge vya Nakawa. Hii ni dhambi, mutoto. Mutu haabudiwi. Mwambie!"

Bhavna alifungua kinywa. Alimtazama bibi yake pale sakafuni, ule mgongo mdogo uliokuwa ukipanda na kushuka kwa kwikwi. Kinywa kikajifunga chenyewe.

"Alifunga nini?" Marie-Jeanne aliuliza.

Bhavna akamweleza. Hakurefusha. Gari, taa, samli, ufunguo.

Marie-Jeanne alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulikwenda kifuani, ukavuta kamba iliyokuwa ndani ya nguo. Kwenye kamba palining'inia ufunguo wa mlango, umechubuka kwa jasho la miaka.

"Bukavu," alisema, kana kwamba ufunguo ndio uliokuwa na jina. "Niliacha maharagwe jikoni. Yalikuwa karibu kuiva. Risasi zilikuwa zinalia kule chini, na miye nikafunga mlango vizuri, kama mutu anayeenda sokoni." Kisha mwanamke aliyekuja kugombana akainama, akaweka kiganja juu ya nywele nyeupe za Ba. "Mama, sikiliza. Mutu anayefukuzwa hafungi mlango kwa ubaya. Anafunga kwa sababu anafikiri atarudi."

Ba alilia kwa sauti. Halafu, bila kuuachia mguu, akaagiza beseni la shaba, maji na maziwa.

Marie-Jeanne alitaka kukataa. Alimtazama Bhavna kama mtu anayezama anavyoutazama ukingo. Lakini viatu vilikuwa vimeshavuliwa, na mikono ya mwanamke kikongwe ikiosha mguu wako haivutwi. Ba aliosha taratibu, kidole kwa kidole. Alipofika kisiginoni vidole vyake vikasimama, vikapapasa tena mahali palepale, kisha vikaendelea.

"Siku ya nane rudi," alisema. "Kuja kula hapa. Sema ndiyo."

"Siku ya nane ni Jumapili, mama."

"Sema ndiyo."

Marie-Jeanne aliitazama picha, akaitazama taa, akamtazama kikongwe aliyekuwa akimfuta miguu kwa upindo wa sari yake mwenyewe.

"Ndiyo."

"Ndiyo yako ni ndiyo?"

Mama wa kanisa akashtuka. Neno hilo alilijua limeandikwa wapi ndani ya Injili. "Ndiyo yangu ni ndiyo," alijibu.

Wakati huohuo gari likanguruma uani.

Jayantibhai aliingia, akamkuta muuza vitenge wa Nakawa kwenye kiti cha heshima, miguu imepakwa unga mwekundu wa sala. Hakupiga kelele, na Bhavna angeona afadhali angepiga. Alingoja mgeni avae viatu na kutoka. Kisha akamgeukia mama yake.

"Ba, unajua umemwosha nani? Odur ameniambia langoni. Ni mama yake yule fundi. Anauza vitenge sokoni."

"Aliyekuja ameahidi kurudi siku ya nane," Ba alisema, akitafuta shanga zake sakafuni.

"Ba!"

"Akirudi, Jayanti, utamkalisha kijana wake ndani ya nyumba hii na utamsikiliza. Asiporudi, mpeleke mtoto Leicester. Sitasema neno." Akazikuta, akazibusu. "Na hilo kufuli uliloliweka langoni, niletee. Ulidhani mimi kiziwi pia?"

Jayantibhai alicheka kicheko kikavu. "Mama wa kanisa? Arudi kula mbele ya Mataji? Haya, nimekubali."

Bhavna alisimama pale na chupa ya samli mkononi. Maisha yake yote yalikuwa yamening'inizwa kwenye neno moja la mwanamke aliyekuja kumtukana.

*

Ngano iliota siku ya tatu. Siku ya tano, alasiri, Hippolyte alikuja.

Lango lilikuwa wazi sasa, lakini hakuvuka. Alisimama nje ya reli ya lango, ncha za viatu zimeigusa. Bhavna alisimama ndani. Odur aligeukia ukuta, akajifanya anasoma gazeti alilolishika juu chini.

"Ingia kidogo tu," Bhavna alisema.

"Baba yako alisema nisikanyage. Sitaki kumpa sababu." Alikuwa amekonda. Mafuta ya mashine yalikuwa chini ya kucha zake, na Bhavna alitamani kuzishika zile kucha kuliko alivyotamani kupumua. "Bhavna, mama alikwenda mwenyewe kuwaambia wazee wa kanisa. Hajui kuficha. Aliwaambia, niliogopa, lakini nilimhurumia bibi yule."

"Wakasemaje?"

"Jumapili hii ndiyo walikuwa wamsimike kuwa kiongozi wa akina mama. Wamemwambia, ukirudi nyumba ile, kitambaa chako kiweke mezani."

Bhavna alishika nguzo ya lango. Tangu atoke Bukavu, Hippolyte alikuwa amemsimulia, mama yake hana nyumba, hana shamba, hana mume. Ana kitambaa kile.

"Na yeye anasemaje?"

"Hasemi. Anaimba tu, asubuhi mpaka jioni. Akiimba namna ile ndipo ninapomwogopa." Akasogea hadi kifua chake kikawa kwenye mstari wa lango. "Hatakuja, mpenzi. Nani angekuja? Nisikilize. Oryem, rafiki yangu, yuko kazini kwenye meli inayobeba mabehewa ya treni kule Port Bell. Inaondoka leo saa kumi na moja. Atatuficha mpaka Mwanza. Kesho asubuhi tuko nchi nyingine. Njoo hivyohivyo ulivyo."

Saa ilikuwa tisa na nusu. Baba alikuwa dukani, Ba alikuwa amesinzia. Hatua moja tu. Bhavna aliusikia mwili wake wote ukiegemea upande ule, kama mwali unavyoegemea upepo.

"Taa," alisema.

"Nini?"

"Nikiondoka, Ba akiamka peke yake haoni samli ikiisha. Itazimika. Mimi niliapa, Hippolyte." Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. "Nyumba hii imeshawahi kuachwa mara moja na taa inawaka. Siwezi kuwa mtu wa pili."

"Na wakikupeleka Leicester?"

"Naogopa. Naogopa mpaka silali. Lakini siwezi."

Alidhani angekasirika. Macho ya Hippolyte yakajaa kitu kizito kuliko huzuni.

"Basi nami sipandi meli," alisema. Aliinyoosha mikono yake mpaka kwenye ule mstari, wala isivuke. Bhavna aliinyoosha yake. Ncha za vidole zikagusana juu ya reli, sekunde tatu, nne.

"Madamu," Odur alisema kwenye gazeti lake, "gari la mzee linakata kona."

*

Jumapili ya siku ya nane mvua ilianza saa sita na haikukata.

Bhavna alikuwa amepika tangu alfajiri. Ngano ilikuwa imepita urefu wa kidole. Mezani, kando ya saa ya ukutani, Jayantibhai alikuwa ameweka bahasha ya tiketi, na sanduku lilikuwa mlangoni.

Saa saba ikapita. Saa nane. Bhavna aliongeza samli, tone likamwunguza. Hakusikia. Saa tisa.

"Ba, inatosha," Jayantibhai alisema. Sauti yake haikuwa na ushindi, na hilo lilimwogofya Bhavna zaidi. "Ule kidogo. Hawa ni watu wenye dini yao. Usiwalaumu."

"Siku haijaisha."

Saa kumi kasorobo, Odur akaja dirishani amelowa chapachapa.

"Madamu, yule mama amefika." Akasita. "Leo hajanitukana. Ndiyo maana naogopa."

Marie-Jeanne aliingia polepole. Maji yalimchuruzika usoni. Kichwa chake kilikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza Bhavna aliziona nywele zake, fupi na zenye mvi nyingi, kama nywele za mtu aliyetoka kuugua.

"Nimechelewa," alisema. "Walinishika na maombi. Halafu nilikunja kile kitambaa vizuri, nikakiweka mezani kwao. Halafu nimetembea kutoka kule, maana sikutaka mutu aone nalia kwenye gari."

"Kaa, Mama," Ba alisema.

"Hapana. Kwanza unisikie." Alisimama wima. "Miye si yule wa ukutani. Nina mikono miwili, na sasa hivi yote inatetemeka. Simwabudu, na siwezi kula kitu alichopewa yeye. Lakini nilikuambia ndiyo. Basi nimekuja."

Bhavna alifumba macho. Yamekwisha, alifikiri. Sasa Ba amejua, sasa yamekwisha.

"Mimi najua," Ba alisema.

"Siku ile naosha miguu, mimi najua. Mataji hana magaga." Kikongwe akatabasamu kwa ufizi. "Kisigino yako imepasuka kama yangu. Hii ni mguu ya mtu ametembea mbali."

"Na kwa nini hukusema?"

"Miaka ishirini na saba mimi nangoja samahani. Ikaja. Mimi iulize nani ameleta?" Aligeuza uso upande wa jikoni, akasema kwa Kigujarati, "Bhavna, lete ile sahani."

Bhavna akaileta. Ndipo alipoelewa kwa nini asubuhi Ba alimwamuru atenge sahani moja kabla ya kitu chochote kupelekwa chumba cha sala, jambo ambalo katika maisha yake yote Ba hajawahi kulifanya wala kulivumilia.

"Hii haijapita mbele yake," Ba alimwambia mgeni. "Imetoka jikoni, imekuja kwako. Mimi nitaomba yeye samahani kivyangu."

Marie-Jeanne akakaa. Jayantibhai alikuwa amesimama kando ya meza, akizitazama nywele zile zenye mvi. Akaiangalia bahasha. Kisha akachukua birika na beseni, akainama, akamnawisha mgeni mikono. Hakusema kitu. Alipomaliza alikwenda mlangoni kufunga, kwa maana upepo wa mvua ulikuwa unaingia na mwali umeanza kuyumba, na kutoka pale akaliona lango, na nje ya reli ya lango akamwona kijana amesimama kwenye mvua, ncha za viatu zimeigusa.

"Jayanti," Ba alisema, "usifunge."

Bhavna aliizungushia taa viganja vyake. Nyuma yake alisikia mwanamke wa Bukavu akinong'ona sala fupi ya kwao, ikafika Amina. Akasikia mkate ukimeguliwa. Akasikia baba yake akisafisha koo, na kuita, kwa sauti ya mtu asiyejua bado atakachosema baada ya hapo:

"Wewe, fundi! Unalowa."

Marie-Jeanne alitafuna, akameza, akamegua tonge la pili.